Kuteleza Si Kuanguka

Kazi yangu ni kupima malori ya viazi.
Lori hupanda jukwaani, dereva hushusha kioo,
nasoma: tani thelathini na mbili, kilo mia nne.
Huingia limejaa, hutoka tupu,
natoa kidogo katika kikubwa,
na sijaona dereva akiona haya.

Mimi hupimwa Hobart,
zaidi ya saa tatu kwa gari kutoka Ulverstone.
Bila viatu, bila saa, bila hereni,
navua hata miwani,
kana kwamba aibu nayo ina gramu zake.

Miaka kumi na minne iliyopita nilikuwa na pete mbili.
Moja alinivisha Lindsay kanisani;
ilikatwa kwa koleo kidole kilipovimba.
Ya pili, ya silikoni, nilivishwa usingizini,
shingoni mwa tumbo,
na kitundu chake cha sindano chini ya ngozi
kama kifungo cha shati kilichomezwa.
Nesi akaongeza maji ya chumvi:
mililita moja, nusu, robo.
Mkate ukikwama
nilikwenda kusimama nyuma ya kibanda,
mate yamenijaa mdomoni, naangalia reli,
na madereva wakipiga honi taratibu, kwa heshima.

Nilipungua kilo arobaini na moja.
Msiseme haikufanya kazi.
Nilinunua gauni la kijani,
nilifunga mkanda wa ndege bila kuomba nyongeza.

Kisha pete ikateleza.
Ndivyo alivyosema Daktari Wijeratne, kalamu ikigusa picha:
imeteleza.
Kilo ishirini na sita zimerudi
kimyakimya, kama paka aliyefukuzwa,
zikakuta mahali pao bado pana joto.

Mezani kwake pana tumbo la plastiki.
Analifungua.
Njia moja: tunatoa pete, tunakata,
tumbo libaki jembamba kama mkono wa shati la mtoto.
Nyingine: kijifuko kama yai, utumbo unaunganishwa upya,
chakula kinapita njia ya mkato,
na vidonge vya vitamini mpaka kufa.
Kovu la zamani, anasema, humsumbua mpasuaji;
hatari si ile ya mara ya kwanza.
Anaitaja kwa asilimia,
mimi naisikia kwa malori:
katika mia, yale machache yanayopinduka kwenye kona.
Au tunatoa pete tu, na kukuacha.

Kukuacha.
Neno hilo lilikaa mezani, kando ya tumbo la plastiki.

Dada yangu Coralie anauliza:
utakatwa mara ngapi, wewe ni kitambaa?
Lindsay hasemi. Anakata karoti vipande vidogo vidogo
tangu mwaka ule, hata zile za sahani yake.

Sitaki wembamba. Andika hilo, daktari.
Nataka kulala chali bila tindikali kunipanda kooni.
Nataka kupiga magoti bustanini
na kuinuka bila kushika uzio.
Nataka kula nyama ya kondoo mbele za watu
bila kwanza kutafuta mlango wa choo ulipo.

Jana usiku, zamu ikielekea mwisho,
nilipanda mwenyewe jukwaani.
Mizani ile haijui kitu chini ya kilo ishirini.
Ikasoma mia na ishirini.
Nikavua koti: mia na ishirini.
Nikakumbatia mfuko wa viazi: mia na ishirini.
Nilicheka peke yangu, kwenye baridi ile, mpaka kitundu kikauma.

Kuteleza si kuanguka, sawa.
Lakini nani alisema aliyeteleza
asishikwe mkono?

Fomu iko mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nne.
Nimejaza jina, nimejaza tarehe ya kuzaliwa.
Taa za lori la mwisho ziligeuka langoni.
Nikashuka, nikalipisha.